Oshkosh: Mji Ambao Watu Hujiundia Ndege

Nilipowasili Oshkosh, mwishoni mwa Julai 2024, jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kumkosea adabu mpwa wangu. Kijana alikuwa amekuja kunipokea kituoni. Akachukua begi langu, akaniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, Mjomba," kisha akaanza kuniuliza habari za nyumbani. Nami nikawa namwitikia "njema, njema" hali shingo yangu imepinda nyuma na macho yangu yako mawinguni. Maana huko juu, moja nyuma ya nyingine mithili ya siafu wanaohama, ndege ndogo zilikuwa zinakuja. Nilihesabu kumi na nne kabla shingo haijachoka. Nyekundu, njano, nyeupe, moja ya rangi ya bati tupu. Zenye mabawa juu, zenye mabawa chini, na moja ambayo, naapa, mkia wake ulikuwa mbele.

"Hizo ni chache, Mjomba," alisema. "Ngoja saa tatu ifike."

Marahaba yake nilimpa tulipokwisha kukaa ndani ya motokaa.

Oshkosh ni mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, wenye wakazi wasiofika 70,000. Umeketi kando ya ziwa Winnebago, ziwa kubwa kuliko yote yaliyomo ndani ya jimbo hilo, na ukiutazama siku ya kawaida hutaona cha kukutoa nyumbani kwako: nyumba za mbao, makanisa, mto unaopita katikati, na upepo wa ziwani. Zamani ulikuwa mji wa wapasua mbao. Viwanda vyake vilitengeneza milango na madirisha kwa wingi hata watu wakauita Mji wa Unga wa Misumeno. Hapa pia ndipo zilipoanza kushonwa, mwaka 1895, ovaroli za OshKosh B'gosh zilizovaliwa na wakulima na wafanyakazi wa reli. Ni mji wa watu wa mikono, kwa ufupi. Na labda ndiyo maana ndege hizi zikakubali kuja kutua hapa.

Kwa juma moja kila mwaka, mwishoni mwa Julai, mji huu mdogo hubeba watu zaidi ya 600,000 na ndege zaidi ya 10,000. Mkutano huo huitwa AirVenture, na mnara wa kuongozea ndege wa Oshkosh, ambao siku nyingine husinzia, hugeuka kuwa miongoni mwa minara yenye shughuli nyingi kuliko yote duniani. Mpwa wangu alinipeleka kwanza mahali pa kushangaza, kijiji kiitwacho Fisk, kusini magharibi ya mji. Hapo marubani huifuata reli kutoka mji wa Ripon, kama mtu afuataye njia ya miguu kwenda kisimani, wakiwa futi 1,800 juu ya usawa wa bahari, mmoja akimwacha mwenziwe nafasi ya nusu maili. Chini yao wamekaa waongozaji wenye darubini. Hawataki maneno kutoka kwa rubani, kwa kuwa mamia ya watu wakisema pamoja redioni hatasikilizwa yeyote. Wao humwambia tu: wewe mwekundu mwenye bawa la chini, tikisa mabawa. Naye hutikisa. Basi, amekwisha kuitikia.

Huko uwanjani nako wamechora madoa makubwa ya rangi juu ya njia ya kutulia. Huyu huambiwa atue juu ya doa la kijani, na yule amfuataye juu ya doa la chungwa, wote wawili katika njia ile ile, wakati mmoja. Waongozaji wenyewe huvaa fulana za waridi ili waonekane. Nilisimama pale hadi jua likanichoma utosini. Kisha tukatembea baina ya ndege zilizoegeshwa majanini, kila moja ikiwa na hema dogo chini ya bawa lake, sufuria juu ya jiko la mafuta, soksi zimeanikwa juu ya rafadha. Nchi hii ina mahoteli ya kila namna, na watu wenye ndege zao wenyewe wamekuja kulala chini kama wachungaji!

WATU WA GEREJI

Lakini, ndugu msomaji, si ndege zote zile zilizotoka kiwandani. Nyingi zilikuwa na neno moja limeandikwa ubavuni, lenye maana ya kwamba chombo hiki ni cha majaribio. Hizo ni ndege zilizoundwa na watu majumbani mwao. Sheria ya Marekani humruhusu mtu kujiundia ndege, mradi sehemu kubwa ya kazi, zaidi ya nusu, aifanye mwenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Anaweza kununua vipande vilivyokatwa tayari, mabati na mirija na mfuko wa ribiti. Lakini kuviunga ni juu yake. Mkaguzi huja, hutazama, huandika cheti. Baada ya hapo mwenye ndege huruka peke yake saa 25 au 40 katika eneo aliloonyeshwa, mbali na nyumba za watu, ili kama kuna kosa alilione yeye kabla halijamuua mwingine.

Chama kinachoandaa mkutano huu kilianzishwa mwaka 1953 mjini Milwaukee na Paul Poberezny pamoja na wenziwe wachache. Mwaka 1955 bwana huyo aliandika katika jarida moja la mafundi jinsi ya kujiundia ndege kwa gharama isiyofika dola 800, injini ikiwemo, na tangu hapo watu wa gereji hawakulala. Mkutano ulihamia Oshkosh mwaka 1970 na haujaondoka. Wala si jambo geni sana tukilifikiri. Ndugu Wright, waliokuwa mafundi wa baiskeli, hawakuinunua ndege yao ya mwaka 1903 popote.

Uwanja wenyewe umepewa jina la Steve Wittman, rubani wa mashindano na muundaji wa ndege, aliyekuwa meneja wake tangu mwaka 1931 hadi 1969. Hadithi ya mzee huyu niliisikia mara tatu katika siku zangu mbili za kwanza, na kila aliyenisimulia aliishusha sauti. Mnamo Aprili 1995, akiwa na umri wa miaka 91, Wittman aliruka pamoja na mkewe katika ndege aliyoiunda kwa mikono yake. Juu ya jimbo la Alabama kitambaa kilichofunika bawa kikabanduka, kwa sababu hakikugandishwa kwa namna ilivyotakiwa; bawa likaanza kutetemeka, likavunjika, na wote wawili wakafariki. Fundi aliyeheshimiwa kuliko wote, miaka sabini angani, na kilichomwondoa ni gundi.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini watu wanaojua habari hizi bado wanapanda vyombo vyao. Akacheka. "Njoo kesho nikupeleke kwa Mzee," akasema. "Utamuuliza mwenyewe. Tena yuko katika shida ya komeo."

KOMEO

Mwendo wa nusu saa magharibi ya mji, baada ya mashamba ya mahindi na soya na mabanda mekundu ya ng'ombe wa maziwa, upo uwanja mdogo wa majani ambao jina lake sitalitaja kwa kuwa wenyewe hawakunialika kuwatangaza. Una mabanda sita ya bati. Katika la tatu tulimkuta mzee wa miaka sabini na tatu, mrefu, mkimya, aliyefanya kazi ya kukereza vyuma kiwandani Milwaukee hadi alipostaafu. Huyu ndiye mpwa wangu amsaidiaye siku za Jumamosi. Amewafundisha yeye na mkewe kuitwa "Mzee" na "Mama", nao wameyapokea majina hayo kwa furaha. Mama hata huitika "abee" kwa lafudhi ya kuchekesha kabisa.

Ndege yao ina viti viwili vilivyo ubavu kwa ubavu na ribiti zaidi ya elfu kumi. Ilimchukua miaka tisa. Nilipoizunguka nilipitisha kiganja juu ya bati la bawa, sikuhisi hata ribiti moja. Zote zimelala sawasawa na bati. Juu ya viti pana kifuniko kikubwa cha akriliki, ile plastiki ngumu iangazayo kuliko kioo, chenye umbo la nusu yai. Bawaba zake ziko mbele, karibu na injini, hivyo nyuma ndiko kunakoinuka, nawe huingia kutoka ubavuni ukikanyaga bawa. Kukifunga, kulikuwa na mpini mmoja kwenye ubavu wa kushoto. Ukiusukuma mbele, fimbo mbili zilizofichwa huzivuta ndoano mbili, moja kila upande, nazo hung'ata meno ya chuma yaliyo kwenye mwili wa ndege.

Mpini mmoja, ndoano mbili. Wepesi huo ndio aliojivunia Mzee, na ndio uliomponza.

Ilikuwa Juni 2023, alasiri ya joto. Yeye na Mama walikuwa wakienda kumtembelea binti yao. Ndege ilikuwa imesimama juani tangu asubuhi. Mzee alifunga kifuniko, akausikia mpini ukigota kama kawaida, akapasha injini, akaruka. Walipokuwa juu ya miti ya mwisho wa uwanja, yapata mita sitini kutoka ardhini, ukasikika mshindo kama wa bunduki. Kifuniko kiliinuka nyuma kiasi cha shubiri moja, kikabaki hapo kikipigapiga. Ramani zikaruka nje. Miwani ya Mama ikaenda zake. Upepo ulijaa ndani kwa kelele ambazo, asema Mzee, hazikumruhusu hata kufikiri, na pua ya ndege ikaanza kuinama.

"Nikaunyosha mkono wangu juu nikishike," aliniambia. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuichezea tupa aliyokuwa nayo. "Mkono ule ule uliokuwa umeshika usukani."

Mama ndiye aliyemwokoa. Hakuwa rubani, wala hajapata kuwa. Alimpiga mumewe ngumi ya bega na kumpigia kelele sikioni: acha hicho, endesha ndege! Basi akaacha. Akauvuta usukani, akaipeleka ndege taratibu, akazunguka kwa upana, akatua. Kifuniko kilikuwa kimepata ufa mmoja wa urefu wa kidole. Mama aliteremka, akaingia motokaani, akaketi. Tangu siku ile hadi nilipofika mimi, miezi kumi na mitatu, hakuwa ameipanda tena ndege hiyo, wala hakuwa amelalamika. Alisema neno moja tu: "Nitapanda utakaponionyesha."

Hesabu ya jambo hili Mzee alinifanyia kwa chaki juu ya sakafu. Hewa iendayo kilomita 270 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya safari ya ndege yake, ina nguvu ya kama kilo 350 juu ya kila mita moja ya mraba. Lakini juu ya mgongo wa kifuniko hewa haisukumi, inavuta. Inapolazimika kupanda mgongo ule huongeza kasi, na shindikizo lake hupungua, kwa sababu ile ile inayoliinua bawa. Hata nusu tu ya nguvu ile ikigeuka kuwa mvuto, ni sawa na watu wazima wawili wenye siha njema wanaokivuta kifuniko kwenda juu muda wote wa safari. Kasi ikiongezeka mara mbili, mvuto huongezeka mara nne. Na kinachowazuia watu hao wawili ni ndoano zenye unene wa penseli.

Sasa, ndoano zilikuwa nzima. Hazikuvunjika wala kupinda, na hili ndilo lililomnyima usingizi. Alikaa ndani ya ndege wiki nzima akifunga na kufungua. Kosa alilipata siku alipoliacha jua la mchana lifanye kazi yake. Akriliki hutanuka kwa joto karibu mara tatu kuliko alumini. Urefu wa mita moja, joto likipanda digrii 30, huongezeka milimita mbili na zaidi, hali alumini iliyo chini yake haiongezeki hata milimita moja. Yeye alikuwa ameziweka ndoano zake wakati wa baridi, bandani, jiko likiwaka. Siku ya joto kifuniko kilijivuta na kujinyanyua, ndoano zikawa zinagusa ncha tu ya meno badala ya kupita na kujifunga. Na mpini, kwa ubaya wake, uligota vile vile. Mkono uliambiwa "nimefunga". Mtikiso wa injini ukafanya yaliyobaki.

Nilidhani dawa yake ni rahisi. Ongeza urefu wa ndoano, basi. Mzee alinitazama kwa huruma. Ndoano ndefu ingetibu tatizo la joto, akasema, lakini si tatizo la mpini mmoja. Kitu chochote kikikatika katika mnyororo ule, fimbo, pini au nati, ndoano zote mbili zinakufa pamoja. Hivyo alirefusha ndoano kwa milimita sita, kisha akaamua kuweka komeo la pili, lisilojuana na la kwanza, katikati ya tao la chuma lililo nyuma ya vichwa vya abiria. Lina mkono wake, springi yake, na linaonekana na wote wawili walioketi. Likiwa halijafunga, rangi nyekundu iliyopakwa ubavuni mwake inakutazama usoni. Pia aliweka swichi ndogo kwenye kila jino, na taa moja nyekundu mbele ya rubani. Taa hiyo haizimiki mpaka swichi zote tatu zimebanwa.

Nilifurahi nikidhani hadithi imekwisha. Kumbe Mama, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni mwa banda, alikuwa na swali, na swali lenyewe aliliuliza miezi minne kabla sijafika.

"Tukipinduka je?"

Ndege ndogo ikitua vibaya shambani huweza kupinduka, magurudumu juu. Waliomo huning'inia kichwa chini katika mikanda yao, petroli ikidondoka. Waokoaji wakija lazima waweze kufungua kutoka nje. Komeo la zamani lilikuwa na mpini mdogo wa nje. Hili jipya, zuri, imara, halikuwa nao. Mzee alikuwa amejenga mlango wa gereza. Kila aundaye vitu huijua hatari hii: unalikimbia kosa moja, na mguu wa kukimbilia unaukanyagia kosa la pili. Wanasimulia hapa habari za mwimbaji John Denver, aliyekufa Oktoba 1997 kwa kuanguka baharini karibu na Pacific Grove, California. Ndege yake ilikuwa aina ya Long-EZ iliyobuniwa na Burt Rutan, moja ya zile zenye mkia mbele. Mtu aliyeiunda hakutaka mirija ya mafuta ipite penye rubani, wazo la usalama kabisa. Akaiondoa swichi ya kubadilishia matangi ya mafuta mahali ilipochorwa, akaiweka nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi waliona kwamba rubani, katika kujigeuza aifikie, aliukanyaga bila kukusudia usukani wa miguu, na ndege ikapoteza mwelekeo.

Kwa hiyo komeo la Mzee lilirudi mezani. Miezi minne! Mpwa wangu ndiye aliyelichonga umbo la pili kwa chuma cha kromoli, akitumia msumeno wa mkono, tupa na jiliwa, na la kwanza Mzee alilitupa ndani ya pipa kwa sababu kona ya ndani ilikuwa na pembe kali. Ufa hupenda pembe kali. Kona sharti iwe ya mviringo. La pili likakubaliwa. Waya mnene hupita ndani ya tao hadi kwenye kitundu kilicho nyuma ya kifuniko, mahali ambapo ndege ikiwa kichwa chini bado panafikika, na huishia kwenye pete nyekundu iliyofunikwa na kigae chembamba cha mpira. Pembeni pameandikwa "vuta". Isitoshe, Mama alidai nyundo ndogo ya kuvunjia akriliki, na nyundo hiyo imefungwa kando ya kiti chake, si cha mumewe.

Kabla ya kulipachika, walilitundika komeo kwenye boriti ya banda na kuliangikia mifuko ya mchanga yenye uzito wa kilo 200, likalala nayo usiku kucha. Asubuhi Mzee alilipima kwa kipimo chake cha kiwandani. Halikunyoka hata kwa unene wa unywele.

SAA TANO

Nakiri kwamba nilikuwa nimekwenda kule na tumaini la kurushwa. Mpwa wangu alikuwa ameniahidi kwa simu, nami nilikwisha kuwaahidi watoto wangu picha. Mzee alilivunja tumaini hilo kwa adabu. Kanuni husema ndege ya kujiundia ikibadilishwa badiliko kubwa, hurudi katika majaribio kwa saa zisizopungua tano, na katika saa hizo hapandi abiria. Je, komeo ni badiliko kubwa? Jirani yake wa banda la nne alisema hasha, ni kipande cha chuma tu. Mzee alijibu kwamba kipande cha chuma tu ndicho kilichomtoa Mama miwani. Akajihukumu mwenyewe saa tano.

Kwa siku tatu nilikaa kwenye kiti cha turubai kando ya uwanja wa majani, nikimtazama akiruka peke yake. Kwanza alikwenda mbio ardhini tu, mara nne, akarudi kukagua. Kisha akabandika nyuzi fupi za sufi kandokando ya kifuniko na kamera ndogo ndani, ili aone hewa inapita wapi na kama kuna mahali kinapoinuka. Kasi aliipandisha kwa hatua. Nyuzi zililala zote, isipokuwa mbili za nyuma upande wa kulia zilizocheza kama ulimi wa mjusi. Akateremka, akaongeza mpira wa kuzibia, akapanda tena. Mchana wa siku ya pili aliiacha ndege juani makusudi, kwa saa nne, kisha akafunga na kuruka. Nilimwona Mama akiacha kushona. Hakuinua kichwa hadi sauti ya injini ilipogeuka kuwa ya kutua.

Kila jioni Mzee alikuwa akiandika katika daftari la ndege: tarehe, muda, joto, kasi, alichokiona. Mwandiko wake ni wa herufi ndogo zilizosimama wima. Nilisoma ukurasa wa Juni 2023. Alikuwa ameandika: "Komeo halikufungwa sawasawa. Kosa la rubani na la muundaji." Wote wawili, bila shaka, walikuwa yeye.

Saa ya tano ilikamilika jioni ya Alhamisi. Mzee aliisukuma ndege hadi mlangoni mwa banda, akasimama pembeni, akajipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama alikuja. Alikanyaga bawa, akaingia, akaketi kiti chake cha kulia. Alifunga kifuniko mwenyewe. Alisukuma mpini wa zamani, akafunga komeo jipya, akatazama taa ikizimika. Kisha akakipiga kifuniko ngumi kwa chini, ngumi ile ile, nilidhani, iliyompata Mzee begani. Akafungua. Akafunga tena. Alifanya hivyo mara saba, nasi watatu tumesimama kama watoto wanaongoja majibu ya mtihani.

Halafu akampigia kelele mpwa wangu kutoka ndani: yeye atafumba macho na kuachia mikono, na kijana akimbie kutoka kwenye mti amtoe. Mti ulikuwa hatua hamsini. Kijana alikimbia, akaitoa kigae, akavuta pete, akafungua mpini wa nje, akakiinua kifuniko. Mama alikuwa akihesabu kwa sauti. Alipofumbua macho alikuwa amefika kumi na tisa.

"Nyingi," akasema. "Kigae kinanata."

Mzee hakubisha. Alichukua bisibisi.

Niliondoka Ijumaa kwenda Chicago kupanda ndege ya abiria, ambayo milango yake sikuruhusiwa kuigusa, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimtazama mhudumu akiufunga mlango mpaka mwisho, nikatamani kumuuliza mambo mawili matatu. Siku tisa baadaye simu yangu ililia usiku. Mpwa wangu alikuwa ameniletea picha moja: meza ya mbao kwenye uwanja wa ndege wa kijiji kingine, chapati za maji na asali, Mama na miwani mipya, nywele hazijaparaganyika. Chini aliandika kwamba kigae kimepunguzwa na sasa ni sekunde kumi na moja, kwamba Mama alifunga makomeo yote mawili na hakumruhusu Mzee kuyagusa, na kwamba wakati wa kurudi Mzee alianza kulalamika juu ya bawaba.